Tableti Isiyoamka na Rekodi Zilizomo Ndani Yake

Kwa miaka mingi mtafiti wa fasihi simulizi alikwenda uwandani na vitu viwili vilivyo mbalimbali: kinasa sauti na kaseti. Kinasa sauti kilipoharibika, kaseti ilitolewa na kutiwa katika kingine. Utepe ulipokatika, uliungwa kwa gundi, na hasara ikawa ya sekunde chache tu. Siku hizi vitu hivyo viwili vimekuwa mwili mmoja. Kompyuta ndogo iliyo bapa, ambayo Tanzania na Kenya huitwa kishikwambi na ambayo hapa Kongo hujulikana zaidi kwa jina la tableti, hunasa sauti, huihifadhi, huicheza, na juu yake huandikwa hata unukuzi wa mahojiano. Ikigoma kuamka, hadithi na nyimbo zilizomo hufungiwa ndani pamoja nayo. Tena baadhi ya njia zinazotumika kuiamsha ndizo zinazoziua rekodi hizo, na mwenye tableti aghalabu hulitambua jambo hilo baada ya kitendo kwisha. Makala hii inakusudia kueleza jinsi tableti inavyoamka, mahali mwamko huo unapokwama, na hatua zipi hazidhuru ilhali zipi haziwezi kurudishwa nyuma.

Kuwaka na kuamka

Anayepeleka tableti yake kwa fundi husema kwa kawaida kwamba "imekufa". Neno hilo linaeleza huzuni ya mwenyewe kuliko hali ya chombo. Kiswahili kina vitenzi vinavyofaa zaidi kwa kazi hii, na inafaa vitumiwe kwa uangalifu. Tableti yaweza kutowaka kabisa, yaani kioo kikabaki cheusi wala pasiwe na mtetemo. Yaweza kuwaka bila kuamka, yaani nembo ya kiwanda ikaonekana, kisha pasitokee kitu kingine. Yaweza kuamka nusu, ikazunguka katika picha ile ile ya mwanzo na kurudia safari yake bila kufika. Au yaweza kuamka kamili na kulala tena baada ya dakika chache. Hali hizo nne zina sababu mbalimbali, na dawa ya moja yaweza kuwa sumu ya nyingine.

Ili kuzielewa, hapana budi kufuata safari yenyewe. Kitufe cha kuwashia kinapobonyezwa kwa muda, kipande kidogo cha elektroni kinachogawa umeme hupeleka umeme kwa prosesa. Prosesa ikiamka haijui lolote ila maagizo machache yaliyochongwa kiwandani katika kumbukumbu isiyofutika. Maagizo hayo huita programu ya uamshaji, nayo ndiyo inayoonyesha nembo iliyotulia ya kiwanda. Programu hiyo hukagua kiini cha mfumo endeshi na kukipakia. Kiini kikishasimama, huanza kuita sehemu nyingine za mfumo moja baada ya nyingine, na katika tableti za Android huo ndio wakati picha ya mwanzo huanza kuchezacheza. Mwishoni hutokea kioo cha kufungulia, kinachodai neno la siri.

Kwa hiyo mahali safari inapokatika ni ushahidi. Nembo iliyotulia ikiganda, inaelekea kasoro iko katika programu ya uamshaji, katika kiini, au katika kumbukumbu yenyewe iliyochakaa. Picha ikicheza bila kikomo, kiini kimekwisha kusimama, na kilichokwama ni mfumo unaofuata: pengine usasishaji ulikatwa katikati, au nafasi ya kuhifadhia imejaa hata mfumo ukakosa mahali pa kuandika faili zake za muda. Sababu hii ya pili huwapata hasa watafiti, kwa maana rekodi za sauti na video hujaza kumbukumbu kuliko kazi nyingine za ofisini. Na ikiwa tableti huamka kisha hulala tena, betri ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Kabla ya kuhukumu kwamba kioo cheusi ni tableti isiyowaka, yafaa kuhakikisha kwamba si kioo pekee kilichoharibika. Katika chumba chenye giza tochi humulikwa kioo kwa mshazari: picha hafifu ikionekana, taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyozimika. Vilevile tableti huunganishwa na kompyuta kwa waya, na kompyuta ikitoa mlio wa kuitambua, basi tableti i hai na haina ila upofu. Habari hiyo ni njema sana, kwa sababu kioo hubadilishwa bila kugusa rekodi hata moja.

Betri

Sehemu kubwa ya tableti zisizowaka zina kasoro ya umeme tu. Betri ya lithiamu huwa na volti 3.7 kwa wastani, hufika 4.2 ikijaa, na haitakiwi kushuka chini sana ya volti 3. Ikishuka mno, kinga iliyomo ndani ya betri hukata njia ya umeme ili kuzuia madhara. Hali hii hutokea kwa tableti iliyorudishwa kutoka uwandani ikiwa karibu tupu, ikawekwa kabatini miezi miwili au mitatu, kwani hata ikizimwa chombo huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo. Inapounganishwa tena na chaja haionyeshi chochote, na mwenyewe hukata tamaa baada ya dakika tano. Ukweli ni kwamba betri iliyoshuka hivyo hupewa kwanza umeme mdogo sana, kama mgonjwa anayeanza kwa uji mwepesi, mpaka ifikie kiwango cha kuweza kupokea umeme wa kawaida. Muda wote huo kioo hukaa cheusi. Subira inayotakiwa ni ya saa moja kwa uchache, pengine saa kadhaa, bila kubonyeza kitufe. Kila jaribio la kuiwasha mapema hula kile kidogo kilichokusanywa na kuirudisha tableti mwanzo wa safari.

Lakini subira haina faida ikiwa umeme haufiki. Tundu la USB la kompyuta ya zamani hutoa ampea 0.5, ilhali tableti nyingi huhitaji ampea 2 hivi. Chaja ya simu ndogo yaweza kuonyesha alama ya kuchaji huku kiasi kinachoingia hakizidi kinachotumika. Chaja na waya hujaribiwa kwanza kwa chombo kingine kilicho kizima. Paneli ndogo ya jua isiyo na betri ya kati hukatakata umeme kila wingu linapopita, na tableti iliyokauka kabisa hushindwa kuvuka kile kizingiti cha mwanzo. Kisha kuna vumbi. Katika Katanga, tangu Mei hadi Septemba mvua hukosekana na vumbi jekundu huingia kila mahali, na tundu la kuchajia halisalimiki. Likichanganyika na nyuzi za mfuko, vumbi hilo hushindiliwa ndani kila waya unapochomekwa, mpaka waya usifike mwisho. Kijiti chembamba cha mti, tableti ikiwa imezimwa, chatosha kulisafisha. Sindano au pini haifai, kwa kuwa chuma huweza kuunganisha vijiti vya umeme visivyopasa kugusana.

Kwa tableti iliyoingiwa na maji, desturi ya kuifukia katika mchele haina msaada: mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya chombo kuliko hewa kavu inavyoyavuta, na unga wake huingia tunduni. Kampuni ya Apple iliwaonya watumiaji wa simu zake dhidi ya desturi hiyo mwaka 2024. Chombo hukaushwa mahali penye hewa, bila kuchajiwa, kwa siku moja au zaidi.

Betri iliyovimba ni habari nyingine kabisa. Dalili yake ni kioo kuinuka ukingoni au mgongo wa tableti kubenuka. Hapo kuchaji hukoma mara moja, wala kioo hakikandamizwi ili kirudi mahali pake, maana betri ya namna hiyo ikitoboka huwaka moto. Fundi huiondoa na kuweka nyingine, na rekodi hubaki salama, kwa sababu hazikai ndani ya betri. Msomaji wa Lubumbashi atavutiwa pia kujua asili ya kitu hicho. Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti yafaa kwa betri, na kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri za aina hiyo mwaka 1991. Betri za tableti nyingi zingali za ukoo huo, na Kongo ndiyo nchi inayochimba kobalti nyingi zaidi duniani. Si ajabu basi kwamba sehemu ya betri inayomsumbua mtafiti ilitoka katika ardhi ya Kolwezi, kilomita 300 hivi kutoka mezani pake.

Kuamsha kwa nguvu

Ikiwa umeme upo na tableti haiamki, hatua ya pili ni kuizima na kuiwasha kwa nguvu. Katika tableti nyingi za Android kitufe cha kuwashia hushikiliwa kwa sekunde kati ya 10 na 30, na katika baadhi yake pamoja na kitufe cha kupunguza sauti. Katika iPad yenye kitufe cha duara chini ya kioo, kitufe hicho na kile cha juu hushikiliwa pamoja mpaka nembo itokee. Katika iPad zisizo na kitufe hicho, kitufe cha sauti kilicho karibu na kitufe cha juu hubonyezwa na kuachwa upesi, kisha kile cha pili cha sauti vivyo hivyo, na mwishoni kitufe cha juu hushikiliwa. Watu wengi huogopa hatua hii ilhali haidhuru. Kinachopotea ni yale tu yaliyokuwa katika kumbukumbu ya muda, na kilichokwisha kuandikwa katika hifadhi hubaki. Isipokuwa mstari wa maendeleo ya usasishaji ungali unasogea kiooni, hata kama ni polepole: hapo ni heri kungoja, kwa sababu kukata kazi hiyo ndiko kunakozaa ugonjwa unaotafutiwa dawa.

Maneno ya kioo

Baada ya hapo njia inaingia katika eneo la hatari, na hatari hiyo ni ya lugha kama ilivyo ya ufundi. Tableti ya Android isiyoamka yaweza kufunguliwa katika hali ya uokoaji kwa kushikilia vitufe viwili pamoja, kwa kawaida cha kuwashia na cha kuongeza sauti. Hutokea orodha ya maneno machache, nayo huwa ya Kiingereza hata kama mwenyewe alichagua Kifaransa au Kiswahili, kwa sababu lugha aliyoichagua ni sehemu ya mfumo ambao haujaamka. Aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi hujikuta mbele ya sentensi fupi zisizo na maelezo. *Reboot system now* humaanisha kuanza upya, nayo haidhuru. *Wipe cache partition*, pale inapopatikana, hufuta faili za muda tu na mara nyingine huponya tableti iliyozunguka bila kufika. Jirani yake, pengine mstari mmoja tu juu, ni *Wipe data/factory reset*. Kitenzi ni kile kile, nacho katika Kiingereza cha kila siku ni kupangusa, kama mtu apangusavyo meza. Lakini mstari huu hufuta kila kitu ambacho mwenye tableti amewahi kukiweka katika hifadhi ya ndani. Hapo mstari huteuliwa kwa kitufe cha sauti na kuthibitishwa kwa kitufe cha kuwashia, na kidole kinachoteleza hatua moja chaweza kumfikisha mtu mahali asipokusudia.

Kifaransa nacho kina mtego wake. iPad isiyoamka huunganishwa na kompyuta, ikatiwa katika hali ya uokoaji, na kompyuta huuliza lipi lifanywe: *Mettre à jour* au *Restaurer*. Msomaji mwenye akili timamu, anayetaka vitu vyake virudi kama zamani, huchagua *Restaurer*, kwa sababu maana ya neno hilo ni kurudisha kitu katika hali yake ya kwanza. Kosa si lake. Hali ya kwanza inayokusudiwa ni ile ya kiwandani, siku tableti ilipokuwa haina hadithi wala wimbo. *Mettre à jour*, linaloonekana kama jambo la ziada lisilohusu ugonjwa, ndilo linalojaribu kuandika mfumo upya bila kugusa mali ya mtumiaji. Wafasiri wa Kiswahili wanaotumia "kurejesha" kwa *Restaurer* wanauhamisha mtego huo ulivyo. "Kufuta na kuanza upya" ni kirefu zaidi, lakini hakimdanganyi mtu.

Katika *Mettre à jour* kuna shida moja inayohusu hasa miji yenye intaneti ya pole. Mfumo unaopakuliwa una gigabaiti kadhaa, na upakuaji ukipita dakika 15 iPad hutoka yenyewe katika hali ya uokoaji. Wengi hudhani hatua imeshindikana, nao hugeukia ile ya pili. Kumbe upakuaji huachwa umalizike katika kompyuta, kisha iPad hurudishwa katika hali ya uokoaji na *Mettre à jour* huchaguliwa tena.

Kwa nini kilichofutwa hakirudi

Zamani kufuta kulikuwa kuondoa jina la faili tu, na mwili wake ukabaki mpaka uandikiwe juu. Mafundi walizoea kuufufua kwa programu maalumu. Desturi hiyo imekwisha katika tableti za kisasa, kwa maana yaliyomo huhifadhiwa kwa maandishi ya siri yanayofumbuliwa kwa ufunguo uliomo ndani ya chombo chenyewe. Kwa tableti mpya za Android zenye nguvu ya kutosha, ulinzi huo ulikuwa sharti tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, na iPad zinao pia. Kurudisha hali ya kiwandani huharibu ufunguo. Hata kama herufi zote zingali katika kumbukumbu, hakuna awezaye kuzisoma tena, na anayeuza programu ya kuzifufua anauza matumaini. Kwa sababu hiyo hiyo fundi hawezi kuing'oa kumbukumbu ya tableti iliyoungua na kuisoma katika nyingine, kama kaseti ilivyokuwa ikihamishwa.

Fundi huulizwa swali moja kabla ya kukabidhiwa chombo: je, ataanza kwa kufuta? Wapo wanaoanza hivyo kwa sababu ni haraka na tableti huamka kweli, naye mteja wa kawaida hupoteza picha chache. Mteja mwenye sauti ya mzee aliyekwisha kufariki hupoteza kisichopatikana tena. Afadhali masharti yaandikwe juu ya risiti. Tena fundi hudai neno la siri ili ajaribu chombo, na neno hilo hufungua pia mahojiano ambayo wasimulizi waliyatoa kwa ahadi ya faragha. Abadilishaye betri au kioo halihitaji, na majaribio yaweza kufanyika mwenyewe akiwapo.

Kadi na faili

Kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochomekwa pembeni hudhaniwa kuwa salama wakati wote. Huwa salama ikiwa iliandaliwa kama hifadhi ya kubebeka, na hapo hutolewa na kusomwa katika kompyuta yoyote. Lakini tangu Android 6.0, baadhi ya tableti humwezesha mwenyewe kuifanya kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Kadi ya namna hiyo huandikwa kwa siri, haisomeki ila katika tableti ile ile, nayo hupotea kwa kufutwa kwa tableti ile ile.

Tableti ikiamka, hata kwa dakika kumi, kazi ya kwanza ni kunakili rekodi nje, kabla ya kusasisha mfumo na kabla ya kuondoa programu zisizotakiwa. Kila nakala hufunguliwa na kusikilizwa mwanzo, katikati na mwisho. Rekodi iliyokuwa ikiendelea wakati tableti ilipozimika yaweza kuonekana katika orodha ikiwa na uzito mkubwa na bado ikakataa kufunguka. Faili hiyo haifai kutupwa. Katika aina za MP4 na M4A, fahirisi inayoeleza mahali pa kila kipande cha sauti huandikwa aghalabu mwishoni, mtu anapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, sauti imo lakini fahirisi haimo. Zipo programu zinazoweza kuitunga upya fahirisi hiyo zikipewa rekodi nyingine nzima iliyonaswa kwa tableti ile ile na kwa mpangilio ule ule, na kwa ajili hiyo rekodi fupi ya majaribio, hata ya mtu anayehesabu moja hadi kumi, huhifadhiwa kando ya ile iliyovunjika. Katika aina ya WAV kinachokosekana kwa kawaida ni namba tu ya urefu iliyo mwanzoni mwa faili, na programu nyingi za kuhariri sauti huweza kuisoma faili hiyo kama data ghafi zikielezwa idadi ya sampuli kwa sekunde, idadi ya biti na idadi ya njia za sauti.